Ngoma ya kwanza baada ya kundi: wakili huingia kazini kabla ya prodyuza

Tarehe 29 Januari 2016 Zayn Malik aliachia "Pillowtalk". Wimbo ukaingia chati za Uingereza na za Marekani moja kwa moja kwenye namba 1. Kwa mtu anayetoa ngoma yake ya kwanza peke yake, hilo tu lingetosha kuwa habari. Lakini One Direction, kundi alilotoka, pamoja na kujaza viwanja vya mpira na kuuza albamu kwa mamilioni, halikuwahi kushika namba 1 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani. Waliishia namba 2 mwaka 2013, kwa "Best Song Ever". Mmoja alifika mahali ambapo watano pamoja hawakufika.

Mashabiki wake watakwambia ni kipaji. Wasiompenda watasema ni kiki tu, maana kwenye video alikuwemo Gigi Hadid, mwanamitindo aliyekuwa mpenzi wake wakati huo, na magazeti ya udaku yalikuwa hayawapi hata nafasi ya kupumua. Kila upande una kipande cha ukweli. Ila Zayn aliondoka kundini tarehe 25 Machi 2015, na ngoma ikatoka miezi kumi baadaye. Anayetaka kuelewa mtu wa kundi anavyogeuka msanii wa kujitegemea aitazame miezi ile, na asikimbilie studio. Aanzie kwenye makaratasi.

Kutoka kwenye kundi si kutoka kwenye mkataba. Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Lebo, yaani kampuni ya rekodi, inaposaini kundi la watu watano, kwa kawaida inawasaini wote kwa pamoja na kila mmoja kwa nafsi yake. Sababu ni biashara tupu: inajua tangu siku ya kwanza kwamba makundi huvunjika, na haitaki pesa iliyomwaga kuwatangaza vijana watano ije kumnufaisha mshindani. Kwa hiyo mikataba ya aina hii huwa na kifungu cha mwanachama anayeondoka. Kwa lugha ya mtaani kinasema hivi: ukitoka, sisi ndio wa kwanza kuamua kama tunakutaka peke yako. Lebo hupewa muda wa kufikiria baada ya kupata taarifa. Ikisema ndiyo, unabaki kuwa wao, na masharti yako ya solo mara nyingi yameshaandikwa zamani, siku ambayo ulikuwa kijana mdogo mwenye hamu ya kuonekana kwenye televisheni. Asilimia ya mrabaha inakuwa ndogo kuliko ambayo mtu mwenye jina kubwa angeipata akikaa mezani leo. Ikisema hapana uko huru, ingawa ni uhuru wenye uchungu: maana yake wamekupigia hesabu, wakaona hulipi.

Halafu kuna deni. Pesa ambayo lebo huitoa mwanzoni, ya kurekodi, ya video, ya msanii kujikimu, si zawadi. Inarudishwa kutoka kwenye mrabaha wa msanii, na mpaka iishe yeye hapati kitu kwenye mauzo ya rekodi hata kama wimbo unapigwa kila kona. Ni daftari la mangi: kila mlichochukua kimeandikwa, sukari, sabuni, mpaka kiberiti. Kundi la watano lina daftari moja. Sasa mmoja akitoka, anafunguliwa ukurasa mpya, au anahama na deni la wenzake? Wakili mzuri huuliza hilo kabla hajauliza kitu kingine chochote. Mkataba mbaya unairuhusu lebo kukata mapato ya solo ili kufidia hasara ya kundi, na kukata ya kundi kufidia ya solo. Ndiyo maana utakuta msanii ana ngoma inayotikisa mji mzima huku taarifa yake ya mapato inaonyesha anadaiwa, kwa sababu ya albamu ya kundi iliyobuma miaka kadhaa nyuma.

Tumrudie Zayn. One Direction waliundwa Julai 2010 ndani ya mashindano ya The X Factor ya Uingereza, wakashika nafasi ya tatu, wakasainiwa na Syco, kampuni ya Simon Cowell iliyokuwa chini ya Sony. Zayn alikuwa na miaka 17. Ilipofika Julai 2015, miezi minne tu baada ya kuondoka, ilitangazwa kuwa amesaini RCA. Magazeti yaliandika kama vile ametoroka. Lakini RCA nayo ni ya Sony. Alibadilisha ofisi, watu wa kufanya nao kazi, prodyuza na sauti, ila kampuni mama ilikuwa ileile. Mwenzake wa kundini, Harry Styles, baadaye alikwenda Columbia, ya Sony pia. Louis Tomlinson alibaki Syco kwa miaka kadhaa. Waliohamia upande wa pili, Universal, kampuni shindani, ni Niall Horan na Liam Payne. Ukilijua hilo, zile hadithi za "nimejikomboa" unazisikiliza kwa tabasamu kidogo.

Mtu aliyeonja upande mchungu wa mambo haya ni Robbie Williams. Aliondoka kundi la Take That Julai 1995, akakwama kwenye mgogoro na kampuni ya kundi, na hakuwa na wimbo wake sokoni mpaka katikati ya 1996. Alipotoka, alitoka na wimbo wa mtu mwingine: "Freedom" ya George Michael. Hebu lifikirie chaguo hilo. George Michael mwenyewe alitoka kwenye kundi, Wham!, na miaka miwili kabla alikuwa amebwagwa mahakamani na Sony alipotaka kuvunja mkataba wake. Robbie hakuhitaji kuandika ubeti hata mmoja kueleza kilichomkuta. Wimbo ulifika namba 2 Uingereza, na ukweli usemwe, leo hakuna anayemkumbuka kwa huo. Wanamkumbuka kwa "Angels", iliyokuja mwishoni mwa 1997.

Korea Kusini walifika mbali zaidi, mpaka serikali ikaingilia. Mwaka 2009 wanachama watatu wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani dhidi ya kampuni yao, SM Entertainment, kupinga mikataba ya miaka 13. Mwaka huohuo tume ya ushindani wa biashara ya nchi hiyo ikatoa mkataba wa mfano unaoweka kikomo cha miaka saba. Ndiyo sababu mashabiki wa K-pop, pop ya Korea, huhesabu miaka kwa wasiwasi: kundi likikaribia la saba, kila mtu anangoja kusikia nani anasaini tena na nani anafungasha. Na jina la kundi nalo lina mwenyewe. Vijana wa kundi la Beast waliondoka kampuni yao, Cube Entertainment, wote kwa pamoja mwaka 2016. Watu walewale, sauti zilezile, na bado jina hawakuweza kulibeba. Mwaka 2017 ikabidi waanze upya wakiitwa Highlight.

Kwa anayeondoka peke yake, suala la jina huwa na sura nyingine: unajitenga kiasi gani? Zayn alikata jina la ukoo, kwenye jalada akabaki ZAYN. Liam alifanya kinyume. Ndani ya "Strip That Down", ya Mei 2017, anaimba waziwazi kwamba alikuwa 1D, yaani One Direction, na sasa yuko nje, huru. Jina la kundi halikuwa lake kuliweka kwenye bango, ila kuliimba nani angemzuia? Binafsi naona ni ujanja wenye udhaifu ndani yake. Ukiimba kuhusu ulikotoka, umemwalika msikilizaji akulinganishe.

Makaratasi yakishatulia, ndipo inakuja kazi ya muziki, na kazi hiyo ni kumweleza msikilizaji kwamba ile sauti aliyokuwa akiisikia sekunde kumi na tano katika kila wimbo ina uwezo wa kujaza dakika tatu na zaidi. Watu wengi hawajui mwanachama wa kundi huimba kidogo kiasi gani. Nyimbo za makundi hugawanywa vipande: wewe mstari wa kwanza, yule daraja, mwenye koo aruke juu kwenye kiitikio cha mwisho. Zayn ndiye aliyekuwa mrukaji. Alikuwa akingojewa dakika za mwishoni, atoe noti ndefu, ukumbi ulipuke, kisha arudi kwenye kibwagizo na wenzake. "Pillowtalk" inaigeuza hiyo. Sauti yake ndiyo inayokupokea, ngoma nzito za mwendo wa pole na gita lililokwaruzwa zinamfuata nyuma, na akipanda juu hapandi kuwapamba wengine. Halafu ndani ya kiitikio kuna tusi la wazi. One Direction wasingethubutu. Wengi wa waliojaza kumbi zao walikuwa mabinti walioletwa na mama zao. Neno lile moja lilifanya kazi ya tangazo zima la habari: yule mtoto mliyemlea amekua. Albamu yenyewe, "Mind of Mine", ilitoka tarehe 25 Machi 2016, mwaka mmoja kamili tangu siku aliyoondoka. Tarehe kama hiyo haiangukii kalenda kwa bahati.

Walioondoka baada yake walikuwa na faida ya kumtazama yeye kwanza. Niall alichukua gita lake, akaachia "This Town" Septemba 2016, wimbo mpole usio na makeke. Louis alishirikiana na DJ Steve Aoki kwenye "Just Hold On", Desemba 2016, na akaiimba katika jukwaa lilelile la The X Factor siku chache tu baada ya kufiwa na mama yake. Liam alimwita Quavo, rapa wa Migos. Harry akasubiri mpaka Aprili 2017 na kuja na "Sign of the Times": piano, mwendo wa taratibu, hakuna mgeni, dakika 5 na sekunde 40. Redio hupenda dakika tatu na nusu. Kumletea mtangazaji wimbo wa karibu dakika sita kama wa kwanza ni kumwambia kwamba wewe hutamfuata, atakufuata yeye. Ulishika namba 1 Uingereza na namba 4 Marekani.

Ukizipanga hizo tano utaona jambo. Zilizodumu midomoni mwa watu ni zile ambazo mwimbaji alichukua kipande alichokuwa nacho ndani ya kundi akakikuza, bila kukopa sura mpya dukani. Noti za juu za Zayn, gita la Niall, tamaa ya Harry ya rock ya miaka ya 70, yote yalikuwepo kabla. Ya Liam iliuza vizuri sana, namba 10 Marekani na namba 3 kwao, lakini kila nikiisikia nawaza kwamba ingeweza kuwa ya yeyote.

Louis ana funzo la aina nyingine, na hili wasanii wetu wangelichukua kwa uzito. Kwenye nyimbo za One Direction alipewa mistari michache ya kuimba peke yake, jambo ambalo mashabiki wake hawajalisamehe hadi leo. Lakini kwenye albamu za baadaye yeye na Liam walikuwa kati ya walioandika nyimbo nyingi zaidi. Wimbo una haki mbili zinazotembea kando kando: ya rekodi, ile masta ambayo kwa kawaida hukaa na lebo, na ya utunzi, maneno na melodi, ambayo hubaki na walioandika. Mwimbaji mwenye noti ndefu anashangiliwa usiku ule. Aliyetajwa kwenye utunzi analipwa kila wimbo unapopigwa, awe yumo kundini au ameshaondoka, awe anaongea na wenzake au hawaongei.

Kuhusu chati, tahadhari ndogo. Wiki ya kwanza ya ngoma ya solo inapima ukubwa wa jeshi la mashabiki waliorithiwa kutoka kwenye kundi: wananunua, wanarudia kusikiliza, wanaamshana usiku. Ladha ya watu wengine wote inaanza kuonekana wiki ya tatu au ya nne. Kwa hiyo kuingia juu hakutabiri sana, na kuanza vibaya hakuui. Wimbo wa kwanza wa solo wa Beyoncé, "Work It Out" wa mwaka 2002, haukuingia kabisa Hot 100, wakati mwenzake wa kundi la Destiny's Child, Kelly Rowland, alikuwa akitamba na "Dilemma" akiwa na Nelly, wiki 10 kwenye namba 1. Mwaka uliofuata ikaja "Crazy in Love" ya Beyoncé. Camila Cabello alitoka kundi la Fifth Harmony Desemba 2016, akaanza na "Crying in the Club" Mei 2017, ikaishia namba 47. Lebo haikung'ang'ania: wimbo ukaachwa nje ya albamu, na "Havana", uliotoka Agosti, ukapewa nafasi yake. Januari 2018 ulikuwa namba 1.

Huku kwetu mpangilio ni tofauti kidogo. Kundi mara nyingi hulelewa na meneja au kituo, halisainiwi na lebo yenye ghorofa. Yamoto Band walitoka kituo cha Mkubwa na Wanawe, Temeke, chini ya Said Fella: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso. Kundi lilipofifia, kila mmoja akashika njia yake, na njia zenyewe zilipishana sana. Aslay alikuwa anajulikana tangu utotoni, kabla hata ya bendi, kwa hiyo hakuhitaji kutambulishwa. Mwaka 2017 hakuweka wimbo mmoja wa kuzindulia safari. Alimwaga ngoma mfululizo, "Angekuona", "Natamba" na nyingine, mpaka redio zikakosa pa kujificha. Ule ni mkakati kamili: ukiwa huna lebo ya kukuandalia uzinduzi wa miezi kumi, wingi unafanya kazi ya matangazo.

Maromboso alipita mlango mwingine. Januari 2018 alitambulishwa WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, akiwa na jina jipya, Mbosso, na ngoma iliyoitwa "Watakubali". Jina la wimbo lilikuwa jibu kwa waliokuwa wakiuliza yule kijana wa Yamoto ataweza nini peke yake. Na wapenzi wa undani wa tasnia hawakukosa kukumbuka kwamba Said Fella alikuwa mmoja wa mameneja wa Diamond. Sijui nitamchekesha nani nikisema ni Syco na RCA ya Temeke na Wasafi, ila mtu kubadili jina na lebo huku mkubwa wa zamani akiwa bado yuko karibu na meza si jambo la Ulaya peke yake. Albamu ya kwanza ya Mbosso, "Definition of Love", ilisubiri mpaka Machi 2021.

Mahali ambapo hakuna karatasi nene, ugomvi huhamia kwenye vitu vingine. Chaneli ya YouTube ya kundi iko kwa barua pepe ya nani? Aliyelipa studio ndiye mwenye masta, au ni prodyuza anayeishikilia kwenye kompyuta yake? Kwenye usajili wa hakimiliki aliandikwa nani kuwa mtunzi? Kijana wa miaka 18 anayeimba kwa nauli na sare ya jukwaani hayaulizi hayo, na siku anayotaka kutoka ndipo anagundua kwamba nyimbo zilizompa jina hazina jina lake popote.

Sauti Sol wa Nairobi waliyapanga mapema. Bien, Chimano, Savara na Polycarp walikuwa na kampuni yao wenyewe, Sol Generation, tangu 2019. Walipotaka kila mmoja ajaribu bahati yake walilitangaza kama mradi wa pamoja, wakauita "Alone Together". Chimano alijitokeza na "Friday Feeling", muziki wa kucheza wenye ladha ya disko, mbali kabisa na magita ya kundi. Hakukuwa na wa kushtakiwa, maana wenye kampuni ndio walewale waliokuwa wanatoka. Mwaka 2023 wakatangaza mapumziko, wakafanya tamasha la kuagana Novemba, na mwezi huohuo Bien akatoa albamu yake.

BLACKPINK, kundi la wasichana wanne la Korea Kusini, wamekwenda hatua moja mbele ya hapo, na nadhani ndiko makundi makubwa yanakoelekea. Walianza Agosti 2016, na miaka saba ikatimia Agosti 2023. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni yao, YG Entertainment, ikatangaza kuwa wanne wamesaini tena kwa kazi za kundi, ila si kwa kazi binafsi. Kila mmoja akatafuta kampuni ya kazi zake binafsi: Jennie akafungua Odd Atelier, Lisa akafungua LLOUD, Jisoo akafungua Blissoo. Rosé alijiunga na The Black Label na kusaini Atlantic ya Marekani. Rosé alikuwa ameshatoa wimbo wake wa kwanza wa solo Machi 2021, "On the Ground", chini ya YG, ukafika namba 70 kwenye Hot 100. Oktoba 2024 akatoa "APT." na Bruno Mars, wimbo uliojengwa juu ya mchezo wa Wakorea wa kunywea pombe, ukapanda hadi namba 3. Vitabu vitaandika kwamba wa kwanza ni ule wa 2021. Mimi naona ule ulikuwa bado wimbo wa YG ulioimbwa na mtu mmoja, "APT." ndiyo ngoma yake ya kwanza.

Mwaka 2025 wanne hao wakaanza ziara ya dunia pamoja. Katikati ya onyesho kila mmoja alipata muda wake wa nyimbo za solo, kisha walirudi wote kuimba za kundi. Mtazamaji aliona jukwaa moja. Wahasibu waliofunga hesabu za usiku ule walikuwa na kampuni tano za kuandikia.